Watu wa Bugarama Kwenye Theluji ya Karisimbi

Mlipokuja juzi na simu zenu kunionyesha picha ya Karisimbi yenye kichwa cheupe, mkaniuliza kama mwezi huu inapandika, nilicheka, na mke wangu akanigombeza kwa kuwacheka wageni. Sikuwacheka ninyi. Nilicheka kwa sababu tulikuwa tumekaa hapa Bugarama, jasho linatuteremka mgongoni, kuku wamejificha chini ya ghala, na mmoja wenu akawa ananiuliza kwa sauti ya unyonge kama atahitaji soksi. Swali la soksi nitalijibu. Ila nitalijibu kwa njia yangu, ambayo ni ndefu, maana nimestaafu na sina pa kwenda isipokuwa kwenye maji ya moto ya Mashyuza kuloweka magoti.

Magoti yenyewe niliyaacha kwenye milima miwili. Nilizaliwa Congo, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikakulia Mutwanga, chini ya Ruwenzori, ambako theluji ni ya mwaka mzima na mvua vilevile. Nilianza kwa kubeba mizigo ya watalii, nikapanda cheo nikawa kiongozi wa njia, yaani mtu yuleyule, mzigo mdogo kidogo, lawama nyingi zaidi. Tuliporudi Rwanda nikaenda kaskazini na kupata kazi hiyohiyo kwenye volkano. Watu hudhani kiongozi wa mlima analipwa kwa sababu anajua kupanda. Kupanda hata mbuzi anajua. Mimi nililipwa kwa kuwaambia watu wazima, waliosafiri kutoka mbali na kununua viatu vipya, kwamba sasa tunarudi nyumbani.

Aliyenifundisha kazi hiyo isiyopendwa ni Mzee Kambale wa Mutwanga, mfupi, mwenye meno machache, mkatoliki mzuri ambaye hata hivyo alikuwa ameikanyaga theluji mara nyingi kuliko sakafu ya kanisa. Asubuhi moja alinishika mkono akaukandamiza kwenye theluji, akauacha hapo mpaka nikaanza kulia.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Ngumu, Mzee."

"Sasa hii ni bugali ya jana. Muchana itakuwa uji. Kwa bugali utateleza, kwa uji utazama. Katikati iko saa kidogo ya kupita. Ukiikosa hiyo saa, kaa chini ukule biskwiti zako, halafu ushuke."

Somo la pili alinipa bila kunikandamiza mkono. Alisema baridi inaanza kula akili kabla ya vidole, kwa hiyo kila uamuzi mkubwa ufanywe chini, mtu akiwa na joto na tumbo limeshiba. Juu unaenda kutii tu. Nilikuja kuliamini somo hilo kikamilifu siku nilipowapandisha watu wa Bugarama.

Nilikuwa bado kazini, msimu wangu wa mwisho, na nimekuja likizo hapa kwa mke wangu. Maman Espérance akaniita kwenye mashine ya mpunga. Hapa kila mtu anamjua. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasimamia wamama wanaopepeta, na sauti yake ilisikika hata mashine ikiwaka. Alikulia Masisi, huko Congo, mtoto wa wakimbizi kama mimi. Akanikalisha juu ya gunia, akaniambia jambo lake bila kuzunguka.

"Papa yangu alikuwa ananionyesha ule mulima kila asubuhi. Anasema, nyuma ya ule, ndiyo kwetu. Alikufa hajarudi. Sasa mimi niko kwetu, na ule mulima sijawahi kuukanyaga. Nataka kusimama juu yake, niangalie upande wa papa."

"Maman, mwaka huu mvua imechelewa kuisha. Juu iko theluji."

"Theluji si ni maji?"

"Ni maji yenye kiburi."

"Nimelima mpunga maisha yangu yote," akasema. "Maji ninayajua."

Mume wake, Papa Deo, alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za kiwanda cha saruji. Alikuwa mtu mpole mwenye neno moja. Neno hilo lilikuwa hapana. Maman Espérance akisema twende Juni, Papa Deo anasema hapana. Akisema basi Julai, hapana. Akisema basi tusiende kabisa, hapana vilevile. Kisha, kazi ikifika, ni yeye anayebeba kila kitu. Wameishi hivyo miaka mingi na watoto wamekua vizuri, kwa hiyo sikuingilia.

Sisi watatu tukawa wanne alipojiunga Hamisi, fundi wa mashine ya mpunga, Mwislamu wa hapa Bugarama ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kupanda mlima isipokuwa kwamba hakualikwa.

Sasa sikilizeni jinsi safari ya theluji inavyopangwa, kwa sababu kwenye simu zenu hamna.

Kwanza, usiamini unachokiona ukiwa barabarani. Upande unaoonekana na wasafiri ni upande ambao jua linauosha uso kila asubuhi. Njia yetu inapita kwenye korongo ambalo jua hulifikia kwa kuchelewa, kama mtu aliyelazimishwa kuja harusini. Nikampigia mbebaji mmoja anayeishi chini ya mlima. Sikumuuliza kama theluji ipo. Nilimuuliza inaondoka saa ngapi. Karisimbi kwa kawaida inajipaka nyeupe usiku, na kabla ya saa nne imekwishanawa. Akaniambia safari hii inakaa mpaka jioni, na usiku inaongezewa mvua ya mawe. Hapo nikajua kwamba tatizo halikuwa theluji laini ya picha. Lilikuwa barafu: mvua ya mawe inayeyuka mchana, inalowesha njia, na usiku inaganda juu ya matope. Njia inakuwa kioo, na kioo hicho kimeinama.

Pili, saa ya kurudi. Tulikaa juu ya magunia ya mpunga, joto likitupiga mpaka kalamu inateleza mkononi, tukakubaliana: saa nne asubuhi ikifika, popote tulipo, tunageuka, kwa sababu mchana ngurumo zinakuja na uji wa Mzee Kambale unaanza. Niliomba kila mtu ainue mkono. Hamisi akainua. Papa Deo akasema hapana, akainua. Maman Espérance aliinua miwili.

Tatu, nguo. Nikawaambia sufu, si pamba. Pamba ikilowa inakunywa joto lako lote na haisemi asante. Hamisi akavuka mpaka wa Rusizi kwenda Bukavu, akarudi na vazi la mtumba la wazungu wa theluji, kipande kimoja kutoka shingoni hadi miguuni, rangi ya chungwa, lenye zipu iliyokwama kifuani. Akasema lazima alizoee. Akalivaa mchana, akatembea nalo kutoka mashine hadi sokoni. Walimmwagia maji chini ya kibanda cha muuza ndizi, na zipu ilipokataa kufunguka, mtu mmoja akapendekeza mkasi. Hamisi alipopata fahamu, alisema angalau sasa tunajua linafanya kazi.

Papa Deo alisema atavaa ovaroli yake ya kiwandani. Ilikuwa ya pamba. Nilimkatalia, naye akanikatalia, na mke wake akamkatalia. Siku ya safari akaja amevaa sweta ya sufu. Tukafurahi. Ovaroli ilikuwa chini yake.

Siku ya kwanza ilikwenda kama inavyokwenda kwa watu wote: mianzi, matope, upupu, na kila mtu akigundua kwamba maji aliyobeba ni mazito. Hamisi alianza kulalamika kwenye mianzi na hakuacha. Vazi lilikuwa mgongoni mwake, limefungwa kwa kamba, linang'aa hata kwenye ukungu. Walinzi wa hifadhi waliotusindikiza walimtazama, wakatazamana, wakaamua kutouliza. Mimi malalamiko yake yalinipa amani. Kumbukeni hili mkiwa huko: anayelalamika juu ya baridi bado ana joto la kulalamikia.

Karibu na kambi mvua ya mawe ikatupata. Tulifika tumelowa, tukanywa chai, tukalala mapema. Asubuhi, kulipopambazuka, mlima ulikuwa umesimama mbele yetu mweupe kabisa, umetulia, na Maman Espérance alitoka nje ya hema, akauangalia. Nilimwacha. Watu wanaohitaji kuangalia waacheni waangalie, hiyo pia ni kazi ya kiongozi.

Tulipofika kwenye korongo, kioo kilikuwa pale. Hapa ndipo linapokuja jibu la soksi. Mnahitaji soksi za sufu, pea ya ziada, na mnazivaa juu ya viatu. Mzee Kambale alinifundisha hivyo: sufu inashika barafu ambapo mpira wa kiatu unateleza. Mtaonekana kama wagonjwa waliotoroka hospitali. Mtapita. Mimi nilitangulia nikikata vidato kwa panga, wengine wakafuata wameshika kamba, Hamisi ndani ya vazi lake la chungwa, na Papa Deo nyuma kabisa, kwa sababu alisema hapana kwa nafasi nyingine zote.

Kazi ya kukata ilikwenda polepole kuliko nilivyopanga. Upepo ulikuwa unashuka kutoka juu, ule unaopita katikati ya meno. Tulipotoka kwenye korongo na kusimama begani mwa mlima, kilele kilikuwa wazi, karibu, safi. Ungedhani ungekirushia jiwe. Nikaangalia saa. Ilikuwa saa nne.

Nikasema, "Tunarudi."

Maman Espérance hakugeuza hata kichwa. "Ni pale tu."

"Tulikubaliana, Maman."

"Tulikubaliana kwa magunia ya mpunga. Kule kulikuwa joto, tulikuwa tunaongea ovyo. Kiongozi, angalia. Ni pale."

"Pale ni saa moja na zaidi kwa barafu hii. Kushuka ni zaidi ya hiyo, na mawingu yale unayaona."

"Nimengoja kutoka utoto wangu. Wewe unanipimia saa."

Hamisi, ambaye tangu asubuhi alikuwa amedai kurudi mara nyingi, sasa akasema kwamba kwa kuwa tumefika karibu hivi ni aibu. Hicho ndicho baridi inafanya. Watu watatu walioinua mikono minne, na hakuna hata mmoja anayeukumbuka mkono wake. Nilikuwa tayari kukasirika. Maman Espérance akamgeukia mume wake amuunge mkono, na nilijua atasema hapana, na kwa mara ya kwanza neno hilo lingenisaidia.

"Deo, tuendelee?"

"Ndiyo," akasema Papa Deo.

Maman Espérance akatabasamu, akanitazama kama aliyeshinda kesi. Kisha kitu kikamsumbua. Akamgeukia tena.

"Ao turudi?"

"Ndiyo."

"Deo. Tulale hapa?"

"Ndiyo."

Tabasamu likamtoka Maman Espérance usoni. Akamsogelea, akamshika kidevu. "Mimi nimeishi na huyu muntu," akaniambia bila kunitazama, "hajawahi kunikubalia kitu mara tatu. Hajawahi kunikubalia mara moja. Huyu ni mugonjwa."

Nikamfikia. Alikuwa ameacha kutetemeka. Midomo ilikuwa ya kijivu, macho yalikuwa yanatazama kitu nyuma yangu ambacho hakikuwepo. Nikashika mikono yake, ilikuwa mitupu, migumu kama kuni.

"Glavu ziko wapi?" nikauliza.

Maman Espérance akaangalia mikono yake mwenyewe. Zake zilikuwa zimelowa jana kwenye mvua ya mawe. Asubuhi Papa Deo alikuwa amempa zake, kavu, akamwambia ana nyingine mfukoni. Tukatafuta mifuko yote. Palikuwa na rozari na kipande cha mkate.

Sijawahi kuona mtu akigeuka haraka vile. Kilele kilikuwa palepale mgongoni mwake, hakijafunikwa bado, na hakukitazama tena. "Tushuke," akasema. "Kiongozi, fanya vile unajua. Mimi nafuata."

Kwanza ilibidi tumtoe ovaroli iliyolowa, kwenye upepo, naye anasema ndiyo kwa kila kifungo. Kisha Hamisi, bila mtu kumwambia, akaanza kupigana na zipu yake. Ilifunguka. Akalivua lile vazi la rangi ya chungwa, akabaki na sweta, suruali na kofia yake ya kwenda msikitini, tukamwingiza Papa Deo ndani yake mguu mmoja mmoja kama mtoto. Tulivyokuwa tumelicheka vazi hilo sokoni sikutaka kukumbuka. Hamisi alishuka mlima wote akilalamika kwa sauti kubwa, na kila alipopumua nilimwomba aendelee, ili nijue yuko hai.

Kwenye korongo nilimfunga Papa Deo kwa kamba kiunoni, mlinzi mmoja akashikilia juu, mimi nikiwa chini nikiweka miguu yake kwenye vidato kwa mikono yangu. Mguu huu. Sasa huu. Mara mbili aliteleza akaniangukia mabegani, na hapo ndipo goti la kushoto lilipotoa sauti ambayo daktari baadaye aliniomba nimweleze. Jua lilikuwa limeanza kulainisha barafu. Saa moja zaidi kule juu, vidato vile vingekuwa uji, na nisingekuwa na kitu cha kuwekea mguu wake.

Kambini tulimlaza katikati ya mablanketi. Mzee Kambale alinikataza kumsugua mtu wa namna hiyo au kumweka karibu na moto ghafla. Joto linalotakiwa ni la mtu mwingine. Maman Espérance aliingia ndani ya blanketi naye, akaiweka mikono ya mume wake chini ya makwapa yake mwenyewe, mbele ya walinzi, mbele ya Hamisi, akafunga macho. Hamisi akageukia ukuta wa hema na kuanza kusoma dua kimyakimya. Tukimwita Papa Deo, hakuitika. Halafu akaanza kutetemeka, kwa nguvu, meno yakigongana, na mimi nikatoka nje nikakaa chini, kwa sababu kutetemeka kule ndiko nilikokuwa nikikungoja.

Nilimsikia Maman Espérance akisema naye. "Nilikuwa naangalia mulima. Sikukuangalia. Deo, unanisikia? Sikukuangalia."

Alipoweza kumeza, tulimpa chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Akanywa nusu kikombe. Mke wake akamsogezea tena.

"Hapana," akasema Papa Deo. "Hii sukari imezidi."

Maman Espérance akajifunika uso kwa kitenge, akalia mpaka mabega yanaruka. Papa Deo akamtazama, haelewi kitu, akaniuliza mimi kama mtu amekufa.

Alipona. Ncha za vidole viwili hazikurudi kuhisi. Mpaka leo mke wake ndiye anayemfunga vifungo vya shati la Jumapili. Hapa Bugarama watu walitaka kujua kama tulifika, na tuliposema hapana wakakosa la kutuuliza tena. Ndivyo ilivyo. Kushuka na watu wote hakuna picha yake.

Nilidhani yameisha. Kiangazi kilipokaza, nikiwa nahesabu siku za kustaafu, mke na mume hao wakaja kaskazini kunitafuta. Safari hii aliyeongea ni Papa Deo.

"Nataka kumpeleka," akasema.

"Mimi nimemwambia basi," akasema Maman Espérance. "Nimemwambia nimeshiba."

"Hapana," akasema Papa Deo.

Tukapanda watatu, na walinzi wetu. Theluji hakuna, barafu hakuna, korongo lilikuwa vumbi na kokoto, njia ya watoto wa shule. Papa Deo alikuwa na glavu pea tatu, amezionyesha kila kituo kabla ya kuulizwa. Nilipanga kila kitu, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya mwisho na nilitaka kustaafu kama bwana: msimu mzuri, mwezi mzuri, saa nzuri. Tulikanyaga kilele mapema kabisa, na kilele kilikuwa ndani ya wingu. Haikuonekana Congo, haikuonekana Rwanda, hata miguu yetu tuliiona kwa shida. Mimi na kazi yangu ya miaka yote tulisimama pale tumeshindwa na mvuke.

Tulingoja. Wingu halikusogea. Maman Espérance akaniuliza, "Masisi iko upande gani?"

Nikanyoosha mkono kwenye weupe. Akajigeuza taratibu mpaka uso wake ukaelekea mkono wangu ulipoelekea, akajifunga kitenge vizuri, kama mtu anayesimama mlangoni kwa watu.

"Papa," akasema, "mimi huyu. Niko huku nyuma, kwetu."

Papa Deo alisimama kando yake, akavua glavu moja, akamshika mkono. Nilikuwa na saa mfukoni na sikuitoa. Baada ya muda yeye mwenyewe akafuta macho, akamtazama mume wake, akasema sasa tushuke, mpunga unangoja. Tukashuka, yeye mbele, mumewe nyuma yake, mimi mwisho, na magoti yangu yakilalamika njia nzima.